Lamunu na mzee asiyekaa chini

Saa nane mchana, jua la Kasese halina huruma na mabati ya ukumbi yanalia kwa joto. Sylivia Lamunu anapanga viti. Ni viti kumi na viwili vya plastiki, vya bluu iliyochujuka, na anavipanga kwa duara lisilofunga. Upande wa mlango anaacha nafasi ya mtu mmoja kusimama.

Anarudi nyuma, anatazama, anasogeza kiti kimoja kwa mguu. Kisha anachukua kiti cha kumi na tatu na kukiegemeza ukutani, nyuma ya ile nafasi. Kiti hicho hakijakaliwa kwa miezi kumi na minne, na kila Jumatano anakiweka.

"Hicho ni cha Mzee Kezironi," anasema. "Yeye anajua kiko. Mimi pia najua kiko."

Lamunu, mwenye umri wa miaka 47, ni mtaalamu wa tiba ya nafsi. Kazi yake ni kusikiliza. Husikiliza watu wakieleza ndoto zao, hofu zao, na yale ambayo mwili unayafanya bila kumwomba mwenyewe ruhusa. Mzee Kezironi, mkulima wa kahawa kutoka Mahango, mwili wake unakataa jambo moja tu: kukaa mbele za watu.

Shambani anakaa juu ya jiwe. Jikoni kwake, akiwa peke yake, anakaa kigodani. Lakini kanisani anasimama nyuma kabisa, na matangani anasimama kutwa nzima mpaka wafiwa wanamwonea huruma yeye. Ameishi hivyo karibu miaka tisa. Pikipiki inayomshusha mjini haihesabiki, maana mwenyewe anasema pale mtu anapanda, hakai.

Sasa muda umembana. Baada ya siku kumi, binti yake Pretty, mwalimu wa shule ya msingi huko Maliba, atapokelewa mahari. Wakwe watapanda Mahango wakiswaga mbuzi. Na kwa desturi ya nyumba hiyo, wageni wa namna hiyo hawamsalimii baba wa binti akiwa amesimama. Baba asipokaa, hakuna salamu, na pasipo salamu mbuzi watarudi walikotoka.

"Baba aliniambia nimtafute mjomba akae badala yake," anasema Pretty, ambaye ndiye aliyemleta mzee kwa Lamunu. "Nikamwambia, baba, mimi ni wako, si wa mjomba. Utakaa wewe, ama tuache."

*

Lamunu alizaliwa katika kambi ya jeshi. Baba yake alikuwa sajini kutoka Kitgum, na kabla hajatimiza miaka kumi na miwili msichana huyu alikuwa amekwishaishi katika kambi nne, kila moja na mabati yake na foleni yake ya bomba. Watoto wa kambi hutoka makabila yote ya Uganda, kwa hiyo lugha yao ya mchezo ni Kiswahili. Kiacholi alijifunza baadaye, kwa bibi yake, akichekwa.

Alianza kama muuguzi wa wagonjwa wa akili. Akahamishiwa Kasese, akaipenda milima, akaolewa na fundi wa redio wa hapa hapa. Kisha akasoma tena Kampala, mwishoni mwa wiki, kwa miaka mitano, akisafiri na mabasi ya usiku na kushuka na miguu iliyovimba. Miaka sita iliyopita aliacha mshahara.

Hajatajirika. Mwenye kazi ya ofisi humlipa shilingi elfu thelathini kwa saa, wengine humletea mihogo, na wapo wanaomlipa kwa kushukuru. Mwezi mzuri hupata laki saba. Mwezi mbaya, redio za mumewe ndizo zinazowalisha.

Alichosomea Kampala anakieleza kwa mfano wa mji wenyewe. Huko Bulembia, anasema, juu utaona nyumba, shule na nguo zilizoanikwa. Chini mlima umetobolewa na wachimba shaba wa zamani. Nyumba ikipasuka, fundi mjinga atapiga lipu ukutani, na fundi mwenye akili atauliza kwanza chini kuna nini.

"Basi mtu ni hivyo hivyo. Na kilicho chini si mama na baba peke yao, kama vitabu vinavyopenda kusema. Kuna serikali pia huko chini. Kuna uchaguzi, kuna vizuizi vya barabarani, kuna mpaka. Siasa haibaki mlangoni mtu akiingia kwangu. Inaingia naye, inalala naye."

Ushahidi wake ni madaftari kumi na tisa ya ndoto. Hamwonyeshi mtu yeyote, hata mwandishi wa makala haya aliyeomba mara tatu kwa adabu. Anachokubali kusema ni kwamba kila uchaguzi unapokaribia, ndoto za mji mzima hubadilika. Watu wasiojuana, mmoja mke wa polisi na mwingine muuza nyanya, huanza kuota barabara zilezile zilizofungwa.

Mambo kama hayo huwatia watu wasiwasi. Diwani mmoja aliwahi kuja ofisini kwake, akakunja mikono, akamuuliza yuko upande gani.

"Nikamjibu, mheshimiwa, mimi niko upande wa usingizi," anasema Lamunu, na anacheka mpaka miwani inamteleza. Diwani hakucheka. Lakini baada ya wiki mbili alirudi, akafunga mlango, akaeleza ndoto yake.

*

Kikundi cha Jumatano kilikuwa wazo lake mwenyewe, na alilipenda kama mtu anavyopenda mtoto wa kwanza. Kingewakutanisha wakulima wa milimani walioumia katika ghasia za karibu miaka tisa iliyopita, askari walipofunga barabara, pamoja na askari wastaafu na wake zao, ambao nao walikuwa na usiku wao mbaya. Lugha pekee iliyoweza kuwaunganisha ilikuwa Kiswahili. Hapo Lamunu alijiona amebarikiwa, kwa kuwa Kiswahili ndicho alichonyonya.

Siku ya kwanza walikuja watu wanane. Walisimama mlangoni wakitazamana kwa pembe za macho. Lamunu alikuwa na furaha na woga kwa pamoja. Akapiga makofi mawili, akasema kwa sauti ya kwao nyumbani: "Haya, wote, kaa chini!"

Viti vilikuwepo, vimepangwa vizuri. Hakuna aliyevigusa. Wakulima wanne walishuka moja kwa moja kwenye saruji, wakavua viatu. Mmoja wao, mama wa makamo, akaweka mikono kichwani. Koplo mstaafu aliyekuwa kati yao, Mugume, alibaki amesimama wima, uso umemwiva kwa aibu. Mzee Kezironi akageuka, akatoka, akaacha kofia yake msumarini.

Waswahili husema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Lamunu alikuwa amejikwaa ulimi mbele ya watu wanane, na hakujua amegonga nini.

Usiku huo aliandika katika daftari kwamba mzee yule "anakataa msaada". Ukurasa huo yuko tayari kuuonyesha, kwa sababu ni aibu yake mwenyewe. Maneno hayo yamekatwa kwa wino mwekundu, mistari miwili, karatasi karibu ichanike.

Aliyemfungua macho hakuwa profesa. Alikuwa Musoki, mfanyabiashara wa samaki wakavu na mawese huko Bwera, mpakani na Kongo, ambako Lamunu huenda kila Jumatatu na Jumanne kusikiliza watu katika chumba cha kanisa. Musoki alikuwa amekuja kwa sababu ya kichwa kilichokataa dawa zote. Aliposikia kisa cha watu kushuka kwenye saruji, hakushangaa hata kidogo.

"Mama, hii Kiswahili yako iko na bunduki ndani," alimwambia. "Weye unaona ni kuongea tu. Mutu wa mulima, ile neno alisikia mara moja mu maisha, na siku ile haikukuwa karamu. Sisi huku tunauzisha na Kiswahili. Tunabembeleza Mukongomani, anatubembeleza, tunapunguzana bei, tunacheka. Huku tunasema 'ikala'. Hata Mukonzo anasema vile mu luga yake. Sema 'ikala', mutu atakuja ku kiti yeye peke."

Lamunu anasema aliweka kalamu mezani. Kisha akalia, mbele ya mteja wake, jambo ambalo vitabu haviruhusu.

Alilia kwa sababu alikumbuka neno lile kwake lilikuwa na maana gani. Baba yake, sajini, hakuwa na maneno laini. Jioni ugali ukiiva aliwaita watoto sita kwa amri, kama kikosi: "Kaa chini!" Wakakaa duara kwenye mkeka, naye akawagawia kwa mkono wake, mkubwa hapendelewi, mdogo haonewi. Baba huyo hakuwahi kumwambia mtoto yeyote kwamba anampenda. Alisema kaa chini.

"Mimi niliwaambia watu wale neno la chakula," anasema. "Wao wakasikia neno la askari, la kukalishwa kwenye lami. Na wote tulikuwa tumesema kweli."

*

Ilibidi apande Mahango kuomba radhi na kumsimulia mzee habari ya baba yake na mkeka ule. Alikwenda na kofia ya mzee ndani ya mfuko wa kaki, na sentensi tatu za Lhukonzo, lugha ya watu wa milimani, alizofundishwa na Musoki, zote amezikosea. Mzee Kezironi alizisikiliza akiwa amesimama, akamsahihisha ya pili, akapokea kofia. Jumatano iliyofuata alishuka. Alisimama karibu na mlango, na tangu siku hiyo hajakosa.

Musoki naye huja kutoka Bwera mara mbili kwa mwezi, kukalimani na, kama asemavyo mwenyewe, kulainisha Kiswahili cha Mama.

Kwa mwaka mzima Lamunu aliamini ameelewa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mzee alikalishwa kwa nguvu barabarani, kwa hiyo anaogopa kukaa. Hesabu nyepesi.

Hesabu ilikuwa na kosa, na kosa limejulikana leo.

Kikundi kimekubali mwandishi awepo, na wanaotajwa hapa wameridhia kutajwa. Saa tisa kasoro, watu kumi na mmoja wamekaa. Mzee Kezironi amesimama mahali pake, mikono juu ya fimbo. Lamunu anamuuliza habari za maandalizi ya sherehe. Mzee anajibu kuhusu turubali na ndizi. Halafu, bila kuulizwa, anaanza.

"Siku ile tulikuwa watu kama arobaini mu barabara. Wakasema kaa chini, tukakaa. Jua ni hii hii. Maate, mudogo yangu, alikuwa hapa, mukono ya kushoto. Saa saba akasimama, aombe maji. Si ya yeye. Ilikuwa ya mama mumoja mwenye mimba. Wakamuchukua nyuma ya gari. Hakurudi mpaka leo."

Hakuna anayemsaidia, maana hapa wamefundishwa kutomsaidia mtu kumaliza.

"Mimi nilikaa. Munasikia? Mudogo yangu alisimama, mimi mukubwa nilikaa."

Lamunu anavua miwani. Baadaye atasema kwamba wakati huo alijiona mjinga kuliko siku ya kwanza. Mzee hakuwa akiogopa kukaa. Kwa miaka tisa alikuwa akisimama pamoja na Maate, kwa kuchelewa.

Koplo Mugume ndiye anayesema kwanza. Ana miaka 63, anaishi Bulembia, na goti lake la kulia lina chuma. "Mzee, mimi sikuwa pale. Ile mwaka nilikuwa nimeshatoka jeshi. Lakini barabara ingine nilikuwa. Hiyo neno niliisema mara mingi sana, sikuhesabu. Wale watu hawako hapa. Mimi niko. Niambie mimi."

Mzee Kezironi anamtazama. Sauti inayomtoka si yake. Ni sauti ya mtu mwingine, ya siku nyingine: "Kaa chini!"

Mugume anainuka kitini na kushuka kwenye saruji. Goti linampa taabu, inabidi atangulize mkono. Anavua viatu. Anakaa.

Nje kinu kinasaga unga wa muhogo. Musoki ameziba mdomo kwa ncha ya kitenge chake. Dakika zinapita, mbili, labda tatu.

"Mzee," anasema Mugume kutoka chini. "Naomba maji."

Alipoulizwa baadaye kama alikuwa amepanga kusema hivyo, koplo alikasirika kidogo. "Kupanga nini? Koo ilikauka. Ikatoka tu."

Mzee Kezironi anaweka fimbo ukutani. Anavuka duara, anakwenda kwenye dumu la maji pembeni, anafungua bomba. Kikombe cha plastiki kinamwagika nusu. Anakijaza tena mpaka juu. Anakileta, anakishika mpaka Mugume amekunywa yote, kama mtu anavyomnywesha mgonjwa. Kisha anampa mkono.

"Inuka," anasema. "Ikala ku kiti. Saruji iko mbaya kwa goti."

Mugume anakaa kitini, analia bila kujificha. Mzee anarudi mlangoni, anachukua fimbo yake, anasimama kama kawaida. Kile kiti cha kumi na tatu kipo nyuma yake. Hakikalii.

*

Mtu aliyezoea hadithi za redio angetaka mzee akae pale pale. Lamunu hataki. "Angekaa leo, angekuwa amekaa kwa ajili yetu," anasema akipangua viti. "Sisi si kazi yake."

Anaeleza mipango yake akikunja shuka la meza. Mwakani anataka kikundi cha pili, ndani ya kambi, kwa ajili ya wake za askari na polisi. Tayari amezungumza na mmoja wao, Kemigisha, aliyemwambia kwamba kule ndani watoto hucheza kizuizi cha barabarani kama wengine wanavyocheza mpira. Mugume amekubali kusaidia. Musoki amekubali pia, kwa sharti kwamba askari watafundishwa kupunguzana bei.

Mlango unagongwa. Ni Mzee Kezironi, amerudi. Hakusahau kofia safari hii, ameishika mkononi.

"Musawo," anasema, kwa jina ambalo hapa humtaja kila mtu wa tiba. "Siku ile ya Pretty, uje. Wewe ndiyo utaniambia nikae."

Lamunu anashtuka. "Mzee, mimi? Nitasema ikala. Nimeshajifunza."

"Hapana. Ikala niko nayo nyumbani. Useme ile ingine. Ile ya baba yako. Ile ya chakula."

Anaondoka. Lamunu anakunja upya shuka lililokwishakunjwa. Anasema anaogopa. Kwa miezi kumi na minne hajamwamrisha yeyote kwa neno hilo, hata paka.

*

Jumamosi ya wiki iliyofuata, Mahango. Ukungu umepanda mapema, na ua wa Mzee Kezironi umejaa watu wa kanisa, majirani, na jamaa kutoka Bwera. Wakwe wamefika na mbuzi wao, wanasubiri kwenye lango la migomba. Mbuzi hawajui adabu, wanakula majani ya mwenye nyumba.

Chini ya turubali kuna vigoda viwili. Pretty amevipanga mwenyewe. Juu ya kile cha kushoto ameweka kikombe cha maji, na hakuna aliyeuliza ni cha nani. Baba yake amesimama mbele ya kile cha kulia, koti limepigwa pasi, fimbo mkononi. Mshenga anakohoa. Wageni wanamtazama mzee, mzee anawatazama mbuzi. Muda unakwenda.

Lamunu anatoka jikoni. Ameshika sahani ya bundu, ugali wa muhogo ambao mvuke wake bado unapanda, na sombe, mboga ya majani ya muhogo, pembeni. Anavuka ua mzima peke yake.

Anasimama mbele ya mzee. Anavuta pumzi, na sauti inayomtoka ni ya sajini wa Kitgum, kavu, ya kambini, ya kusikika mpaka foleni ya bomba:

"Haya! Kaa chini! Chakula iko tayari!"

Mama mmoja karibu na migomba anainua mikono nusu ya njia, anaishusha. Mugume, aliyekuwa akifunga kamba ya turubali, amesimama wima.

Mzee Kezironi anatazama sahani. Anatazama kigoda cha kushoto na kikombe chake. Halafu midomo yake inafanya kitu ambacho Lamunu hajawahi kukiona kwa miezi yote ile.

"Ndiyo, afande," anasema, na anakaa.

Kicheko kinaanzia kwa Musoki na kuzunguka ua wote. Pretty hacheki, amejifunika uso kwa leso. Lamunu anapiga goti, anamwekea mzee sahani mapajani, na mzee anaishika kwa mikono miwili.

Pale langoni mshenga anavua kofia, na wageni wanaanza kusalimia.